Maisha ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mlezi wa Vyama vya Mikopo vya Wakulima

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, ni haki waasisi wetu watajwe, na kurasa nyingine za kitabu hiki zimewataja kwa heshima wanayostahili. Kurasa hizi zimetengwa kwa ajili ya mtu ambaye hakukanyaga ardhi ya Afrika wala hakupata kuuona mbuni shambani, na ambaye aliaga dunia mwaka wa 1888. Walakini mwanachama anayetia sahihi katika fomu ya mkopo wa pampu ya maji au mashine ya kukoboa, hali wadhamini wake wawili wameketi kando yake, anapita katika njia iliyofyekwa na mtu huyo. Jina lake ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald, magharibi ya Ujerumani. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Alikuwa mtoto wa saba katika watoto tisa. Baba yake alikuwa mkulima, na kwa muda alishika cheo cha meya wa Hamm, lakini maradhi yalimwangusha mapema na mzigo wa nyumba ukamwangukia mama. Fedha ya kumpeleka mtoto katika shule za juu haikuwapo. Elimu aliyoipata aliipata shuleni kwao na kwa mchungaji wa mji, Seippel, aliyemfundisha kama mwanawe. Alipokuwa na umri wa miaka 17 aliingia jeshini katika kikosi cha mizinga, na yamkini angelikaa huko maisha yake yote kama macho yake yasingeanza kuharibika. Mwaka wa 1843 alilazimika kuacha jeshi, akatafuta kazi ya ukarani serikalini. Ugonjwa wa macho uliomtoa jeshini haukumwacha tena mpaka kaburini.

Mwaka wa 1845, akiwa bado hajafikisha miaka 30, aliwekwa kuwa meya wa Weyerbusch, tarafa ya vijiji zaidi ya 20 vilivyotawanyika vilimani. Mwaka huo huo alimwoa Emilie Storck, binti wa muuza dawa wa mji wa Remagen.

Yafaa tueleze kidogo hali ya nchi ile, maana wengi wetu tukisikia Ulaya hufikiri juu ya viwanda na utajiri. Westerwald ya siku zile ilikuwa nchi ya ufukara. Udongo wake ulikuwa mwembamba, na majira yake ya baridi marefu. Mashamba yaligawanywa kwa urithi, baba kwa wana na wana kwa wajukuu, hata mtu akawa na vipande vingi vilivyotengana, na kila kipande hakitoshi kugeuzia mkokoteni. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja au wawili alihesabiwa kuwa mtu mwenye nafasi. Ng'ombe huyo alitoa maziwa, naye ndiye aliyetoa samadi, ndiye aliyevuta plau, ndiye aliyevuta gari la kuni. Kwa hiyo katika habari hizi msomaji akiona neno ng'ombe asifikiri nyama wala mahari. Kwa mkulima wa Westerwald ng'ombe alikuwa mtambo wa kazi, kama vile trekta au mashine ya kukamua alizeti ilivyo kwa mkulima wa leo.

Mwaka wa 1846 mavuno ya ngano nyeusi na ya viazi yaliharibika. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuja na njaa. Serikali ilipeleka unga, lakini iliweka sharti kwamba unga uuzwe kwa fedha taslimu. Meya kijana alijikuta katika mtihani uliowapata watumishi wengi wa serikali kabla yake na baada yake: kutii barua ya wakubwa na kuwaacha watu wafe mbele ya ghala lililojaa, au kugawa na kungoja lawama. Aligawa. Aliwapa wasio na fedha kwa ahadi ya kulipa baadaye. Kisha aliwakusanya watu wenye uwezo katika tarafa, akawaomba wakopeshe fedha katika mfuko mmoja, na kwa mfuko huo wakanunua nafaka kutoka mbali, wakajenga tanuri la kijiji, wakaoka mikate. Chama hicho kiliitwa Chama cha Mkate. Mkate wake uliuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya wachuuzi, na maskini walipewa kwa hati ya deni. Mfuko uliendelea pia kununua mbegu za viazi, ili watu wawe na cha kupanda.

Kazi nyingine aliyoifanya Weyerbusch, na kuiendeleza alikohamishiwa baadaye, ilikuwa barabara. Aliona kwamba mkulima asiyeweza kufikisha mazao yake sokoni hana bei, na kwamba mchuuzi anayefika mlangoni kwake ndiye anayempangia. Basi barabara ikachimbwa kuelekea mto Rhine, penye miji na masoko. Wako waandishi wanaoisahau barabara hii wanapoeleza habari za mikopo, lakini mkopo kwa mkulima asiye na njia ya kwenda sokoni ni sawa na mbegu iliyopandwa juu ya jiwe.

Mwaka wa 1848 alihamishiwa Flammersfeld, tarafa iliyokuwa maskini kuliko ile ya kwanza. Huko ndiko alikokutana ana kwa ana na jambo lililokuwa kiini cha kazi yake yote, nalo ni ng'ombe wa kukodishwa.

Desturi ilikuwa hivi. Mkulima aliyefiwa na ng'ombe wake, au aliyemwuza ili alipe kodi, hakuwa na fedha ya kununua mwingine. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa mifugo. Mfanyabiashara alimpa ng'ombe, lakini hakumwuzia, bali alimweka tu zizini kwake. Mkulima alimlisha, alimtunza na kumfanyia kazi, na maziwa na samadi vikawa vyake. Ndama alipozaliwa waligawana thamani yake, na ng'ombe mwenyewe aliendelea kuwa mali ya mfanyabiashara. Wakati wowote, hata katikati ya msimu wa kulima, mwenye mali aliweza kuja na kumchukua ng'ombe aliyekwisha kunenepa kwa majani ya mkulima, akamwachia mwingine aliyekonda, na kazi ya kunenepesha ikaanza upya. Mkulima alikaa miaka kumi na ng'ombe zizini, na mwisho wa miaka kumi hakuwa na hata ukwato mmoja ulio wake.

Waliothubutu kununua kwa deni hawakuwa na heri zaidi. Bei ya deni ilikuwa kubwa kupita kiasi, riba haikuandikwa waziwazi, na deni lilipochelewa lilichanganywa na deni jipya hata mkulima asijue tena anadaiwa nini. Zaidi ya hayo, mwenye kudaiwa alifungwa mikono: hakuweza kuuza ndama wake wala nafaka yake kwa mtu mwingine ila yule anayemdai, na kwa bei ya huyo anayemdai. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanalo neno lao, butura, kwa desturi ya kuuza kahawa ingali maua mtini kwa sababu ya shida ya leo. Wao hawahitaji maelezo marefu juu ya mambo ya Flammersfeld.

Raiffeisen aliyachunguza haya kwa utulivu wa karani. Hakuona kwamba kukodi au kukopa ni uovu kwa asili yake. Mtu asiye na chombo cha kazi hana budi akipate kwanza ndipo afanye kazi ya kukilipia, naye hawezi kungoja aweke akiba kwa miaka 10 hali shamba halilimwi. Uovu ulikuwa katika masharti. Malipo ya mkulima hayakumsogeza karibu na kumiliki chombo chake. Alilipa milele kwa kukaa palepale. Tena kipindi cha kulipa kilikuwa kifupi kuliko kipindi ambacho ng'ombe huleta faida, kwa hiyo aliyekopa alishindwa kabla hajaanza.

Mnamo Desemba 1849 alianzisha Flammersfeld chama cha kuwasaidia wakulima wasio na mali. Watu wapatao 60, wote wenye uwezo, walitia sahihi kwamba wanadhamini kwa pamoja, kwa mali yao yote, fedha ambayo chama kitakopa. Kwa nguvu ya dhamana hiyo chama kilipata fedha kwa riba ya kawaida kutoka kwa watu ambao wasingemkopesha mkulima mmoja mmoja hata senti. Chama kilinunua ng'ombe na kumpa mkulima, naye akalipa kidogo kidogo katika muda wa miaka mitano. Alipomaliza, ng'ombe alikuwa wake, pamoja na ndama wote waliozaliwa katika muda huo. Miaka mitano haikuchaguliwa ovyo. Ilikuwa ni kiasi cha muda ambao ng'ombe mwenyewe, kwa maziwa yake na uzao wake, aliweza kujilipia. Baada ya muda chama kiliona ni afadhali kuwapa wakulima fedha wajinunulie wenyewe, na wengine wapate kulipa madeni ya zamani yaliyokuwa yakiwanyonga.

Katika mambo yote aliyoyatenda, hili la kupima muda wa deni kwa maisha ya kazi ya chombo ndilo ambalo mwandishi wa kurasa hizi huliona kuwa kubwa, ingawa si lile linaloimbwa katika sherehe. Mkopo wa mbegu hulipwa kwa mavuno ya msimu mmoja. Mkopo wa mashine iwezayo kufanya kazi miaka minane haulipwi kwa mavuno ya msimu mmoja, na anayelazimishwa kuulipa hivyo atauza mashine, na pengine shamba juu yake. Maofisa wetu wa mikopo walijue jambo hili kama wanavyoijua njia ya kwenda nyumbani kwao.

Mwaka wa 1852 Raiffeisen alihamishwa tena, akawa meya wa Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied, kando ya mto Rhine. Huko alikaa mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka wa 1854 alianzisha chama kingine, nacho kilikuwa na makusudi makubwa mno. Kilitaka kulea watoto walioachwa bila matunzo, kuwapa kazi wasio na kazi na waliotoka kifungoni, kununua ng'ombe kwa ajili ya wakulima, na kukopesha fedha. Kama ilivyokuwa Flammersfeld, wanachama walikuwa watu wenye mali, na waliosaidiwa hawakuwa wanachama.

Hapa ndipo alipopata somo chungu. Kusudi baada ya kusudi likafa. Wenye mali walikuwa wema, lakini wema wao ulichoka. Mtu aliyeweka shamba lake kuwa dhamana kwa ajili ya deni la jirani, na yeye mwenyewe hapati chochote katika chama hicho, baada ya miaka michache huuliza swali ambalo kila mtu angeuliza. Wengine walitaka kujitoa. Na kwa upande wa pili, waliokopa hawakuwa na sauti katika chama wala uchungu nacho, kwa kuwa kwao kilikuwa mfuko wa matajiri. Mwishowe, katika makusudi yote, mikopo peke yake ndiyo iliyobaki hai.

Raiffeisen alikuwa mtu wa dini sana, na aliamini kwa moyo wote kwamba mwenye mali ana wajibu mbele ya Mungu kwa maskini. Hakuiacha imani hiyo kamwe. Lakini alikubali, kwa uzito mkubwa, kwamba chama hakiwezi kusimama juu ya sadaka. Walichangia kumfikisha hapo vijiji vya jirani, kama Anhausen, ambako mwaka wa 1862 palianzishwa chama cha mikopo ambacho waliokopa walikuwa wanachama wenyewe. Yalichangia pia mawazo ya mtu mwingine, Hermann Schulze wa mji wa Delitzsch, ambaye tangu mwaka wa 1850 alikuwa amewaundia mafundi na wachuuzi wa mijini vyama vya kujikopesha, na ambaye Raiffeisen aliandikiana naye barua. Mwaka wa 1864 chama cha hisani cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa Chama cha Mikopo cha Heddesdorf. Tangu siku hiyo anayetaka mkopo alipaswa kwanza awe mwanachama, na aliye mwanachama alidhamini wenzake kama wao walivyomdhamini yeye.

Ajabu ni kwamba kazi yake kubwa zaidi ilikuja baada ya maisha yake mwenyewe kuvunjika. Mkewe Emilie alifariki mwaka wa 1863 na kumwachia watoto. Afya yake ilizidi kudhoofika, na nuru ya macho ikapungua hata akakaribia upofu. Mwaka wa 1865, akiwa na miaka 47, aliachishwa kazi ya umeya kwa sababu ya maradhi. Malipo yake ya uzeeni hayakutosha kulisha watoto, kwa hiyo alijaribu kiwanda kidogo cha sigara, kisha akafungua biashara ya mvinyo. Mtu aliyewafundisha wengine namna ya kupata mtaji alijua mwenyewe jinsi ilivyo kuamka asubuhi na kuhesabu kilichobaki. Mwaka wa 1867 alioa mara ya pili. Aliyekuwa macho yake na mkono wake wa kuandikia ni binti yake mkubwa, Amalie. Binti huyo alimsomea barua, akaandika majibu, akatunza majalada, miaka nenda miaka rudi. Vitabu vya historia humtaja kwa mstari mmoja, na mstari mmoja hautoshi.

Mwaka wa 1866 alitoa kitabu juu ya vyama vya mikopo kama njia ya kuondoa dhiki ya watu wa mashambani na ya mafundi na vibarua wa mijini. Kilichapwa mara kadhaa katika uhai wake. Si kitabu cha nadharia nyingi. Ni maelezo ya kazi: katiba iandikweje, daftari litunzweje, fedha iwekwe wapi. Wakulima na wachungaji wa vijijini walikisoma, wakafuata maelezo yake, na vyama vikazaliwa mahali ambapo yeye hakufika.

Kanuni zake kubwa zinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Chama kiwe cha eneo dogo, kijiji kimoja au vichache, ili wanachama wafahamiane kwa sura na kwa tabia, maana katika kijiji hakuna asiyejua nani hulima na nani hulewa. Wanachama wote wawajibike kwa madeni ya chama kwa mali yao yote, bila kikomo. Halmashauri ifanye kazi bila mshahara, na atakayelipwa awe mhasibu peke yake, naye asiwe na kura katika kutoa mikopo. Faida isigawanywe, bali iwekwe katika akiba ambayo hakuna mwanachama awezaye kudai sehemu yake, hata chama kikivunjwa. Mkopo utolewe kwa kazi iliyotajwa na kuchunguzwa, kwa wadhamini wawili au kwa rehani, na ulipwe kwa mafungu kwa muda unaolingana na kazi hiyo. Aliyechukua fedha ya ng'ombe akaitumia kwa anasa aliweza kuitwa aurudishe mkopo wote baada ya notisi ya wiki nne. Na kila miezi mitatu kamati ya usimamizi ilikutana kuangalia hali ya wadaiwa na hali ya wadhamini wao pia, kwa kuwa mdhamini aliyekuwa na mali Januari anaweza kuwa hana kitu Juni.

Kanuni ya dhamana isiyo na kikomo iliwatisha wengi, na inatisha hata leo ukiisoma. Lakini ndiyo iliyompa mwenye shamba dogo jina sokoni. Mkulima mmoja wa Westerwald alikuwa hana thamani mbele ya mwenye benki. Wakulima 80 waliofungamana walikuwa dhamana iliyo bora kuliko nyumba ya ghorofa. Tena hofu yenyewe ilifanya kazi: mtu anayejua kwamba shamba lake litalipia deni la mwenzake hawezi kusinzia katika mkutano mkuu, na akipita barabarani ataangalia kama ng'ombe aliyenunuliwa kwa mkopo bado yuko zizini.

Haikupita muda ugomvi ukazuka baina yake na Schulze. Schulze alitaka vyama viwe na hisa, vitoe gawio, na vikopeshe kwa muda mfupi, miezi mitatu tu au zaidi kidogo, kwa sababu amana za watu zinaweza kudaiwa wakati wowote. Alisema chama kinachokopesha kwa miaka kinachezea hatari. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akifikiri juu ya mshona viatu wa mjini, anayenunua ngozi leo na kuuza viatu mwezi ujao. Raiffeisen alikuwa akifikiri juu ya mkulima, ambaye ndama wake hataharakisha kukua kwa sababu hati imeiva. Ugomvi huo ulifika hata serikalini, na tume ya uchunguzi ikapelekwa kuviangalia vyama vya Raiffeisen vijijini. Kwa jumla tume ilivikuta vikiwa katika hali njema. Baadaye sheria iliviamuru viwe na hisa. Vyama vingi vilitii kwa kuziweka hisa ndogo kabisa, hata mtu wa chini aliweza kuzimudu.

Tatizo ambalo Schulze alilionyesha, hata hivyo, lilikuwa la kweli. Kijiji kimoja huwa na akiba nyingi baada ya mavuno hali kingine hakina. Chama kidogo kilichosimama peke yake hakina pa kukimbilia amana zikidaiwa. Jibu la Raiffeisen lilikuwa kuviunganisha. Mwaka wa 1872 aliunda katika Neuwied benki kuu ya vyama vya wakulima wa Rhine, ya kwanza ya namna yake, ili akiba ya kijiji hiki iende kukopeshwa kijiji kile. Sheria ya siku zile haikuruhusu ushirika wa ushirika, kwa hiyo mwaka wa 1876 benki ililazimika kuundwa upya kama kampuni ya hisa. Mwaka wa 1877 akaunda umoja wa vyama, akiwa yeye mkuu wake, wa kukagua vitabu na kutoa mashauri. Mwaka wa 1879 lilianza kuchapwa gazeti la vyama hivyo. Huo ndio muundo tulio nao sisi, wa chama cha msingi na juu yake chama kikuu. Nao ulianza kama dawa ya ugonjwa maalumu, yaani akiba isiyolingana baina ya vijiji. Vyama vikaanza pia kununua kwa pamoja mbolea na mbegu, na kupata mashine ambazo mtu mmoja asingeweza, kama zile za kupura nafaka, zikazunguka kwa zamu kutoka uga hata uga.

Kuna doa ambalo wasifu wa haki hauwezi kulipita. Katika maandishi yake ya miaka ya mwisho Raiffeisen aliandika kwa chuki juu ya Wayahudi, ambao baadhi yao walikuwa wafanyabiashara wa mifugo, kana kwamba unyonyaji ulikuwa tabia ya kabila na dini. Mawazo hayo yalikuwa yameenea Ujerumani ya siku zile, na tunajua yaliifikisha wapi nchi hiyo katika karne iliyofuata. Kazi yake mwenyewe ilionyesha kinyume chake: masharti mabaya ya mkopo yalimnyonya mkulima bila kujali mkopeshaji anasali wapi, na masharti yalipobadilishwa unyonyaji ulipungua.

Alifariki Heddesdorf tarehe 11 Machi 1888, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 70. Vyama vilivyokuwa katika umoja wake vilizidi 400. Mwaka uliofuata sheria mpya ya Ujerumani iliviruhusu vyama kuchagua dhamana yenye kikomo, na ikakubali vyama kuungana katika vyama vya juu, jambo alilolipigania kwa miaka mingi.

Baada ya kifo chake mbegu ilisafiri mbali. Huko Uhindi ofisa wa serikali ya Madras, Frederick Nicholson, alitumwa kuchunguza mikopo ya wakulima, na ripoti yake, iliyotoka katika miaka ya 1895 na 1897, ilishauri kwa nguvu kwamba atafutwe mtu wa namna ya Raiffeisen. Mwaka wa 1904 Uhindi ikapata sheria ya vyama vya mikopo, na mfano wa sheria hiyo ukachukuliwa katika makoloni mengine ya Waingereza. Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka wa 1932, na mwaka wa 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama kikuu chao, KNCU. Japani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka wa 1900, na mwaka huo huo Alphonse Desjardins alianzisha katika mji wa Lévis, Kanada, chama cha akiba na mikopo kilicho mzazi wa vyama vingi vya Amerika. Njiani kanuni nyingi zilibadilika. Dhamana isiyo na kikomo imeachwa karibu kila mahali, na hisa na gawio ni mambo ya kawaida. Wadhamini wawili wamebaki, na kamati ya usimamizi imebaki. Mwaka wa 2016 UNESCO iliandika wazo la ushirika na utekelezaji wake katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Ujerumani.

Katika Westerwald bado iko barabara ile iliyochimbwa kutoka Weyerbusch kupita Flammersfeld kuelekea mto Rhine. Imepewa jina lake, na magari ya wakulima hupita juu yake.